Vivuli vyekundu, dagaa wa kijani: kisa cha mikanda miwili ya Kirumba

Mikanda miwili ya Kodak Gold 200, fremu 36 kila mmoja, ilipigwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza: mmoja saa sita mchana, mwingine saa kumi na moja jioni. Ndani yake mna mambo ya kila siku ya pale. Dagaa wametandazwa juani, mitumbwi imevutwa mchangani, wachuuzi wamekaa chini ya miavuli, ndoo nyeupe za plastiki zimepangwa, na nyuma yake miamba. Mpiga picha aliisafisha mwenyewe jikoni kwa kifurushi cha lita 1 cha dawa za C-41, mchakato wa kusafisha negativu za rangi, kisha akaiskani kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro. Rangi zikamkataa.

Zilimkataa kwa namna ya pekee. Migongo ya dagaa, inayopaswa kung'aa kama fedha, ilielekea bluu-kijani. Vivuli chini ya mitumbwi vilikuwa vyekundu kama udongo wa kichuguu. Akipunguza wekundu vivulini, dagaa wanazidi ukijani. Akiwaongezea dagaa wekundu, vivuli vinawaka. Nyuso za watu zilikuwa sawa upande wa jua, lakini upande wa kivuli zilionekana kama zimechomwa na jiko la mkaa. Kitufe cha mizani ya nyeupe kwenye programu husogeza rangi zote kwa pamoja, na hapa kila mwisho wa picha ulikuwa unadai kinyume cha mwenzake. Ukiona hivyo, acha kuhangaika na kitufe hicho. Tatizo ni rangi kupishana: safu moja ya filamu ina kontrasti tofauti na nyingine mbili.

Filamu ya rangi ina safu tatu kuu. Ya juu hunasa bluu na kujenga rangi ya njano, ya kati hunasa kijani na kujenga majenta, ya chini hunasa nyekundu na kujenga sayani, yaani ile bluu inayoelekea kijani. Dawa ya kwanza, devalopa, hulazimika kupenya safu mbili za juu kabla ya kuifikia ya chini. Muda na joto la C-41 vimepangwa ili safu zote tatu zimalize zikiwa na mteremko mmoja, yaani kontrasti moja. Safu ya chini ikibaki nyuma, sehemu zilizopata mwanga mwingi zinakosa sayani ya kutosha kwenye negativu. Picha ikigeuzwa, sehemu hizo zinakosa nyekundu, ndipo dagaa wanapokuwa kijani. Programu inayotafuta wastani inaongeza nyekundu picha nzima. Vivuli, ambavyo havikupungukiwa na kitu kikubwa, vinapewa nyekundu ya bure.

Kwa hiyo dalili inasema safu ya nyekundu imelegea. Haijasema nani kailegeza. Washukiwa walikuwa watano: kamera kupiga giza, filamu kuharibika kwa joto dukani au njiani, bliksi (dawa ya pili, inayoondoa fedha) kuchoka, devalopa yenyewe, na uskani.

Kabla ya kugusa kompyuta, negativu iliwekwa juu ya paneli ya mwanga na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Pembeni mwa mkanda, juu na chini ya matundu, kuna maandishi na namba za fremu. Hizo hupigwa mwanga kiwandani, kwa hiyo kamera yako haina mkono ndani yake. Zinategemea usafishaji tu. Herufi zikiwa nzito na fremu zikawa nyepesi, kamera ndiyo iliyokosa mwanga. Herufi nazo zikiwa zimepauka, tazama kwenye tangi. Katika mikanda hii herufi zilisomeka, lakini kwa rangi ya chai iliyoongezwa maji mara mbili. Kichwa cha mkanda, ile sehemu iliyovutwa nje wakati wa kupakia na kuona mwanga wote wa dunia, kingetakiwa kuwa cheusi kiasi cha kuficha balbu. Mwanga wa dirisha ulipita waziwazi. Hapo kamera ikaachiwa huru.

Filamu iliyopikwa na joto, au iliyopita kwenye mashine kali za ukaguzi wa mizigo, kwa kawaida huonyesha ukungu: nafasi tupu kati ya fremu huwa nzito kuliko ilivyozoeleka. Hapa nafasi hizo zilikuwa rangi ya chungwa safi. Mshukiwa wa pili naye akatoka.

Bliksi ilistahili kipimo cha kweli, kwa sababu makosa yake huiga makosa mengine. Ni mchanganyiko wa dawa mbili: moja hugeuza fedha iliyojengwa na devalopa, nyingine huiyeyusha itoke. Ikichoka, fedha inabaki ndani ya filamu na picha inakuwa na chembe nyingi, rangi zimefifia kama zimepakwa majivu. Inaweza pia kuiacha sayani katika hali isiyo na rangi, na hilo linafanana sana na ugonjwa tunaouzungumzia. Habari njema ni kwamba kosa la bliksi linarekebishika hata baada ya miezi, tena mwangani. Jaribio lake ni rahisi: kata kipande cha fremu tatu usizozihitaji, kiloweke majini dakika 2, kitie kwenye bliksi mpya yenye nyuzi 38 kwa dakika 10 ukikitikisa, kisuuze dakika 3 kwa kubadilisha maji, kimalizie kwa stebilaiza, dawa ya mwisho ya kuimarisha rangi, dakika 1. Kikikauka kiweke ubavuni mwa kipande ambacho hakikurudiwa. Kwenye mikanda ya Kirumba vipande viwili vilifanana kama kurwa na doto. Bliksi haikuwa na kosa.

Uskani nao usingeweza kupausha herufi zilizoonekana kwa jicho juu ya paneli. Ikabaki devalopa. Ilikuwa imechanganywa juzi yake, ikatumika kwa mikanda hiyo miwili tu, wakati vifurushi vingi vya lita 1 huhesabiwa kwa mikanda 8 hivi. Rangi yake ilikuwa bado nyepesi. Devalopa iliyoungua kwa hewa huwa ya kahawia. Matone machache ya bliksi yakiingia ndani yake huiharibu, lakini chupa zilikuwa na vifuniko vya rangi tofauti na kila moja faneli yake. Muda ulikuwa dakika 3 na sekunde 15, sawasawa na karatasi. Joto, kwa mujibu wa daftari lake, nyuzi 38.

Kwa mujibu wa daftari. Kwenye mfuko wa kipimajoto, kipimajoto cha kioo cha maabara cha kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 110, kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: "+4".

Alikuwa amekipima kwenye maji yanayochemka, kama vitabu vya shule vinavyofundisha. Maji yalitokota, kipimajoto kikasoma 96. Akahitimisha kwamba kinasoma pungufu kwa nyuzi 4, na tangu hapo kila anaposoma 34 anaandika 38.

Kipimajoto kilikuwa sahihi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jiji liko hapo ukingoni na juu zaidi kwenye vilima. Kwenye mwinuko huo hewa inagandamiza kidogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nyuzi 100 ni za Tanga na Dar es Salaam. Anayesahihisha kipimajoto chake Mwanza kwa maji ya moto, akidhani yako 100, anakiharibu kwa mkono wake mwenyewe, na kosa lenyewe ni kubwa kuliko makosa ya vipimajoto vingi vya bei rahisi.

Kwa C-41 nyuzi 4 si jambo dogo. Mchakato huu, uliotolewa na Kodak mwaka 1972, unataka devalopa iwe nyuzi 37.8, na maabara hushikilia hapo kwa kupishana sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Vipo vifurushi vya nyumbani vinavyoruhusu nyuzi 30, lakini kwa dakika 8. Ukikadiria kati ya alama hizo mbili, nyuzi 34 zingedai dakika 5 hivi. Mikanda hii ilipewa 3 na robo: ilitolewa jikoni ikiwa haijaiva, na safu ya chini kabisa ndiyo iliyolala na njaa.

Namna ya kupima kipimajoto ukiwa kanda ya ziwa ni hii. Ponda barafu, ijaze kwenye glasi, ongeza maji kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga dakika mbili tatu. Hapo ni sifuri, uwe Mwanza, Bukoba au Tanga. Mwinuko haubadilishi kitu cha kuonekana. Lakini kioo kinaweza kusema kweli kwenye sifuri na kudanganya kwenye 38, kwa hiyo pima pia pale unapofanyia kazi. Kifaa unacho nyumbani au kipo duka la dawa lililo karibu: kipimajoto cha homa cha dijitali. Kimetengenezwa kuwa sahihi kwa sehemu ya kumi ya nyuzi katikati ya 35 na 40, ambako ndiko devalopa inakoishi. Tia ncha yake tu kwenye maji ya nyuzi 38 hivi, ukikoroga, pamoja na kile cha kioo. Kumbuka kwamba hiki cha homa hushika namba ya juu kabisa iliyofikiwa na kubaki nayo. Kwa kila kipimo kipya kizime, kipoe, ukiwashe upya. Katika kisa hiki vilitofautiana kwa nyuzi 0.2. Wino wa "+4" ukafutwa kwa spiriti.

Kabla ya kuzungumzia mkanda wa tatu, uliosafishwa baada ya marekebisho hayo, tuimalize mikanda miwili ya mwanzo. Haiwezi kurudishwa kwenye devalopa. Bliksi ilishaondoa kila kitu cha kujengea. Iliyobaki ni kuiskani vizuri, na hapa palikuwa na makosa madogo yaliyoongeza chumvi kwenye kidonda. Skani za kwanza zilikuwa JPEG zenye mizani ya nyeupe ya otomatiki, kila fremu ikijiamulia, ndiyo maana fremu ya 12 na ya 13 za ndoo ileile zilitofautiana. Dirisha lilikuwa wazi pia, na mwanga wa anga ulijiakisi juu ya filamu ukaacha utando wa bluu.

Skani ya pili ilifanywa pazia likiwa limefungwa, paneli ya LED yenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi za taa) ya 95 au zaidi, filamu ikiwa imenyanyuliwa kidogo juu ya paneli ili vumbi la paneli lisionekane, na karatasi nyeusi kuziba mwanga wote wa pembeni. Kamera ikawekwa kwenye RAW (faili ghafi lisilochakatwa), ISO 100, f/8, kila kitu kwa mkono, na mwangaza mmoja kwa mkanda mzima. Mwangaza huo ulipangwa kwa kupiga nafasi tupu kati ya fremu: isogezwe kulia kwenye histogramu, grafu ya mwangaza, mpaka karibu na ukingo bila kuugonga. Angalia chaneli kila moja peke yake, kwa kuwa kinyago cha rangi ya chungwa, ile rangi ya msingi ya filamu, hupitisha nyekundu zaidi na chaneli hiyo ndiyo hutangulia kugonga ukuta. Zikapigwa fremu mbili za ziada: moja ya paneli tupu, moja yenye filamu tupu.

Programu iliyotumika ni darktable, ya bure, ambayo tangu toleo la 3.2 la Agosti 2020 ina moduli ya negadoctor kwa kazi hii hasa. Zima kwanza moduli za filmic, sigmoid na base curve. Zikibaki zimewashwa zinagombana nayo. Mizani ya nyeupe ichukuliwe kwenye picha ya paneli tupu na kunakiliwa kwa fremu zote. Ndani ya negadoctor, rangi ya msingi, D min, ichukuliwe kwenye filamu tupu, mara moja kwa mkanda. Halafu nenda kwenye sehemu ya masahihisho, yenye vidhibiti viwili vinavyofanya kazi miisho miwili ya picha: rangi ya vivuli na mizani ya sehemu zenye mwanga. Kwa rangi zilizopishana hiyo ndiyo dawa, kwa sababu unaweza kuvuta kila mwisho upande wake. Chagua kivuli chini ya mtumbwi kwa kidhibiti cha kwanza, ndoo nyeupe kwa cha pili. Chagua ndoo mpya. Ile iliyokaa juani miaka imegeuka njano na itakupeleka kwenye bluu. Miamba pia usiitegemee kama kijivu. Ina ukoga na wekundu wake, na picha ya Mwanza yenye miamba ya kijivu cha saruji haitamdanganya mwenyeji.

Bado katikati palibaki na mkunjo. Ikafuata moduli ya rgb curve, chaneli zikiwa zimeachanishwa, na nyekundu pekee ndiyo iliyoguswa: nukta ya katikati ikashikiliwa, ya robo tatu ikapandishwa kutoka 75 hadi 79, ya robo ikashushwa kutoka 25 hadi 22. Huko ni kuongeza kontrasti ya nyekundu, yaani kurudisha kwa mkono mteremko ambao devalopa haikuumaliza. Mtindo mmoja ukatumika kwa mkanda mzima, kwa kuwa ugonjwa ni wa mkanda.

Ngozi ndiyo hakimu wa mwisho. Kwenye ngozi nyeusi, hata kivulini, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, bluu chini. Bluu ikipanda kuifikia kijani, mtu anaonekana amepauka, kama aliyetoka kuoga akakosa mafuta. Nyekundu ikizidi mno, anaonekana amechubuka. Weka kielekezi kwenye shavu upande wa kivuli na usome namba, usiamini macho yaliyotazama skrini saa tatu. Mkanda wa jioni usisahihishwe hadi ndoo ziwe nyeupe kabisa. Saa kumi na moja na nusu ndoo ni ya dhahabu, na anayeifanya nyeupe ameitupa sababu ya kwenda Mwaloni saa hiyo.

Fremu za mchana ziliokoka kwa kiasi cha kuchapika. Vivuli vyake vina chembe nyingi, kwa kuwa negativu nyepesi ikivutwa inavuta na kelele zake, na macho ya wachuuzi chini ya kofia hayakurudi. Jua la hapa, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, hukaa utosini; filamu ya 200 ingefaa kupimwa kama 100 saa hizo, ili vivuli vipate kitu cha kushika. Gold hustahimili mwanga wa ziada bila kunung'unika.

Mkanda wa tatu ulisafishwa hivi. Beseni kubwa liliwekwa maji lita 12 ya bomba, yaliyosoma nyuzi 26. Kuyafikisha 39 kunadai lita 2.7 za maji yaliyochemka, ukihesabu kwa 96 wala si 100. Beseni lenyewe hunyonya kidogo, kwa hiyo chupa ya chai iliyojaa maji ya moto ikae karibu. Usichote maji ya tenki la juu ya paa mchana ukadhani ni yaleyale ya asubuhi. Pima kila mara. Chupa za dawa na za maji ya kusuuzia zikakaa ndani ya beseni mpaka devalopa yenyewe, si beseni, iliposoma 38.

Tangi la plastiki lenye nyuzi 26 likipokea mililita 600 za dawa ya 38 linaishusha kwa nyuzi moja na ushei, na hiyo tu inatosha kuanza kuharibu. Ndiyo maana linatangulizwa maji ya nyuzi 39 kwa dakika 1, yamwagwe. Yakitoka yana rangi, usishtuke. Devalopa ikaingia, tangi likageuzwa sekunde 15 mfululizo, kisha mara 4 kila sekunde 30, na katikati ya mageuzo likirudishwa ndani ya beseni. Kumwaga kulianza sekunde 10 kabla ya dakika 3:15 kutimia. Bliksi dakika 8. Hutoa gesi, kwa hiyo fungua kifuniko kidogo baada ya mageuzo ya kwanza, la sivyo kitaruka chenyewe na shati lako litajua. Joto lake halina ukali kama wa devalopa, na kuzidisha dakika mbili hakudhuru. Suuza dakika 3, stebilaiza dakika 1, bila kusuuza tena.

Stebilaiza ichanganywe kwa maji yaliyokenekwa ili matone yasiache madoa. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri, lakini soma chupa: yapo maji na ipo asidi, na huuzwa rafu moja. Bliksi iliyokwisha ina fedha ndani yake. Hukusanywa kwenye dumu lenye jina, haimwagwi mtaroni, maana mitaro ya Kirumba yote inajua njia moja tu, ya ziwani.

Mkanda ulining'inizwa bafuni, ambako vumbi ni kidogo baada ya mtu kuoga. Herufi za pembeni zilikuwa za kahawia nzito, kichwa cha mkanda kikaziba balbu. Fremu ya kwanza ilikuwa ya kadi ya kijivu ya asilimia 18, iliyopigwa kwenye jua lilelile la dagaa. Kwenye negadoctor ilitosha kuchukua rangi ya msingi na kubofya kadi. Rgb curve haikufunguliwa. Dagaa walitoka rangi ya fedha, na vivuli chini ya mtumbwi vilikuwa na bluu kidogo, ile inayotoka angani, ambayo iliachwa kama ilivyo.